Msiuze Ng'ombe kwa Ajili ya Mashine ya Vumbi

Mburahati, Dar es Salaam
Jumapili

Kwa dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Kabla ya yote nakuuliza habari ya kifua cha mwanao Rehema. Usinijibu kwamba hajambo, kama tunavyojibiana siku zote kwenye barua. Nataka kujua kama wiki hii analala au anakesha amekaa, na kama kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta mdomoni bado kina dawa. Mama naye huko Mtinko, magoti yake yanaendeleaje? Shemeji Jumanne na lori lake wapo salama? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, nakula na nalala chini ya bati lisilovuja. Ya moyoni utayasoma huko mbele.

Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa Mzee Saidi, dereva wa basi. Niliifungua palepale stendi nikaisoma nimesimama, na nilipofika katikati ikanibidi nikae juu ya gunia la mtu. Umeandika kwamba alikuja kwako bwana mmoja kijana aliyevaa tai, akabisha hodi na kukuita kwa jina. Akamwita Rehema kwa jina lake pia. Akauliza kama pumu yake bado inamzidia miezi ya upepo. Umesema mlishangaa, maana hamjawahi kumwona, na shemeji akadhani ni mtu wa hospitali. Kumbe ana boksi, na ndani ya boksi ana mashine ya kufyonza vumbi. Akawafanyia onyesho kwenye godoro la Rehema, na vumbi lililotoka likawatisha wote. Sasa shemeji anataka wauzwe ng'ombe watano kati ya saba wa mama ili mashine inunuliwe, na huyo bwana amesema atarudi kwenu baada ya mnada. Mwisho ukaniuliza mimi, kwa kuwa nakaa mjini na nimeviona vitu vinavyoingia siku hizi kutoka nje: je, mashine ile inafaa pesa yote hiyo?

Jibu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo nikafunga bahasha, lakini najua shemeji atataka sababu. Sababu ni ndefu, dada, na sehemu yake kubwa ni mimi mwenyewe. Yule bwana anaitwa Fadhili. Alilijua jina la Rehema na ugonjwa wake kwa sababu niliviandika mimi, kwa mkono wangu.

Kwanza nitubu uongo wa zamani. Nimekuwa nikiwaandikia kama mtu ambaye bado yuko kiwanda cha nguo. Sipo huko tangu mwaka juzi. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya alitupunguza. Tulisimama getini asubuhi moja tunasomewa majina, na aliyesikia lake alikwenda upande wa kushoto. Jina langu lilisomwa mapema. Kile nilichopewa kama mafao kiliisha kabla ya mfungo. Sikutaka mama ajue, maana yeye ndiye aliyewaambia watu wote wa Mtinko kwamba mwanawe anaendesha mashine ya kusuka kitambaa cha khanga. Nikanyamaza. Nikauza mitumba ya suruali kwa muda, haikuenda.

Ndipo mwenzangu wa kiwandani akanipeleka kwenye ofisi moja ya ghorofani Kariakoo. Mkubwa pale ni Bwana Elisha, mtu mpole, mnene kidogo, hapandishi sauti. Alinitazama viatu akasema vitafaa vikipigwa rangi, akanipa tai. Kazi ilikuwa kuingia nyumba za watu na mashine ile, kuionyesha, na kuiuza. Ni mashine ya kigeni yenye tangi la maji chini, mpira mrefu wa kuvutia, brashi saba za namna mbalimbali, na taa ndogo ya kijani inayowaka hewa ikiwa safi. Bei yake inazidi mshahara wangu wa kiwandani wa miaka miwili. Siku ya kwanza niliposikia bei nilidhani nimesikia vibaya.

Alitufundisha kwa wiki mbili. Hatukufundishwa sana habari za mashine. Tulifundishwa habari za watu. Tuliambiwa tusianze sebuleni, twende chumbani kwa watoto. Tusionyeshe zulia, tuonyeshe godoro. Mbele ya mpira wa mashine unaweka kitambaa cheusi, unafyonza godoro kidogo, kisha unakitoa kitambaa na kukitandika mbele ya mama wa nyumba. Pale juu utaona unga wa kijivu. Godoro lolote linao, dada, hata la mtu msafi kuliko wote, hata lililonunuliwa mwaka huohuo. Lakini unaponyamaza kidogo, halafu ukasema kwa sauti ya chini kwamba hiki ndicho mtoto anachovuta kila siku, hakuna mama anayebaki kama alivyokuwa. Nimeliona hilo mara nyingi.

Siku ya mwisho ya mafunzo Bwana Elisha aligawa karatasi. Kila mmoja aandike watu kumi anaowajua kwao bara, popote penye umeme au mtu mwenye chochote cha kuuza. Jina, mtaa, kazi ya mume, majina ya watoto. Mmoja wetu aliuliza kama inatosha. Bwana Elisha akasema, "Andikeni na ugonjwa. Ugonjwa ndio mlango."

Nikakuandika wewe wa kwanza. Niliandika Singida mjini, nyumba ina umeme, mume ana lori, mtoto Rehema miaka sita, pumu, huzidiwa miezi ya upepo. Chini yake nikamwandika mama: Mtinko, mjane, ng'ombe saba. Nakumbuka hata kalamu ilikuwa inakwaruza, nikaomba nyingine ili maandishi yasomeke. Wakati ule nilijiona nawafanyia jambo jema. Nilifikiri siku moja nitakuja mwenyewe na mashine, nikupunguzie bei.

Sasa nikueleze ukweli wa ile mashine, maana sitaki kukosea upande wa pili. Si kitu cha uongo. Inavuta vumbi kweli. Nimeuza kwa mfanyabiashara mmoja wa Upanga mwenye mazulia ukuta kwa ukuta na mapazia mazito, na nyumba yake ilibadilika, hata harufu. Mtu kama yule, ambaye bei ile kwake ni kama sisi kununua ndoo, na nyumba yake haiwezi kudekiwa kwa maji, kwake inafaa. Lakini mashine ya bei ya chini inayouzwa dukani ingemfanyia karibu kazi ileile. Zile brashi saba, anatumia mbili. Ile taa ya kijani, fundi mmoja wa pale ofisini aliniambia huwaka dakika chache baada ya kuwasha, hewa iwe safi au isiwe. Nilicheka aliponiambia. Niliendelea kuionyesha.

Ya kukufanya usinunue ni haya yanayofuata. Msomee shemeji sehemu hii yote, asiruke.

Huko Kigogo anakaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwalimu Anjela. Mumewe alifariki, anaishi na binti mmoja, Tumaini, wa miaka minane. Nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya saruji, mkeka mmoja, godoro la sponji. Jina lake lilitoka kwa mwalimu mwenzake, kwenye karatasi kama yangu, na pembeni ya jina pameandikwa pumu. Nilikwenda na Bwana Elisha mwenyewe, alitaka kuniona ninavyofanya.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Mwalimu aliutazama ule unga wa kijivu kwenye kitambaa kwa muda mrefu. Hakuuliza bei. Alinigeukia mimi, si Bwana Elisha, akauliza, "Nikinunua hii, mwanangu atapona?"

Dada, pale palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilimtazama Bwana Elisha, naye akatazama dirishani. Nikasema, "Atapona, Mwalimu. Mlango wa hospitali utausahau."

Tumaini alikuwa amekaa kwenye kigoda anatutazama. Alikuwa na kichupa cha dawa mkononi, sawasawa na cha Rehema.

Mwalimu aliuza cherehani yake, akachukua mkopo wa ushirika wa walimu, mashine ikaingia. Bwana Elisha alinipongeza mbele ya wenzangu. Kila baada ya wiki mbili ilikuwa kazi yangu kupita nyumba nilizouza, kukagua mashine na kuuza yale matone ya manukato yanayotiwa kwenye tangi la maji ili hewa inukie. Safari ya kwanza nilimkuta Mwalimu ana furaha, anafyonza kila asubuhi kabla ya kwenda shule na kila jioni akirudi. Madirisha ameyafunga, maana tulimwambia vumbi la nje lisiingie. Alinunua matone ya waridi.

Safari ya pili umeme ulikuwa umekatika. Mgao ulikuwa umeanza, mtaa wao unapata umeme siku moja, unakosa mbili. Mashine imesimama kona imefunikwa khanga safi. Tumaini alikuwa anakohoa kikohozi kifupi kifupi. Niliuliza kama anapata dawa. Mwalimu akasema amezisimamisha, kwanza mshahara wote unakwenda kwenye mkopo, pili mimi si nilimwambia hazitahitajika tena? Aliuliza kwa heshima kabisa, kama anavyomwuliza daktari. Nilisema mashine inataka muda. Nikamwachia chupa ya matone bila malipo, nikaondoka.

Jioni nilimweleza Bwana Elisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia tusiingilie mambo ya hospitali, sisi tunauza usafi. Niliporudi nyumbani siku hiyo sikula. Lakini kesho yake nilivaa tai.

Safari ya tatu nilikwenda mchana wa Jumamosi. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, jua la kuunguza, na kutoka nje nasikia mashine inanguruma. Umeme ulikuwa umerudi. Nilibisha, hakuna jibu. Nikausukuma mlango. Ile harufu ya waridi ilinipiga usoni, nzito, hata mimi nilikohoa. Chumbani, Tumaini alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameegemeza mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na midomo imekuwa rangi ambayo sitaki kuiandika. Hakuwa analia. Hakuwa na hewa ya kulilia. Na mama yake amepiga magoti pembeni yake, anafyonza godoro. Anafyonza kwa nguvu, huku na huku, nywele zimemtawanyika, anasema peke yake kwamba kidogo tu, mama, vumbi likiisha utapumua.

Nilizima mashine ukutani. Nilimbeba Tumaini nikatoka naye mbio barabarani, Mwalimu nyuma yangu bila viatu. Tulipata teksi. Njiani mtoto akalegea mikononi mwangu. Nilimpiga piga mgongoni, nikamwita, nikamwahidi vitu. Mwalimu alimshika miguu mpaka hospitali.

Walimchukua ndani. Baada ya muda mrefu akatoka daktari, mwanamke kijana, akauliza mtoto alikuwa anatumia dawa gani. Mwalimu akajibu, "Tulinunua mashine."

Daktari hakuelewa. Mwalimu akamweleza kidogo kidogo. Daktari akasema vumbi likipungua si vibaya, lakini hakuna mashine ya vumbi inayofungua kifua kilichobana, na mtoto wa pumu hanyimwi dawa yake. Kisha akauliza nani alimshauri aache.

Mwalimu aligeuka akanitazama. Hakuninyooshea kidole. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, tai shingoni, begi la brashi bado liko begani, sijui nililichukua saa ngapi.

Tumaini hakufa, dada. Nalisema mapema ili usisome kwa hofu. Alikaa wodini siku kumi na moja, akatoka akiwa hai. Lakini pumzi ilikuwa imekatika muda mrefu mno. Mkono wake wa kushoto haushiki kitu vizuri, na maneno yanamtoka polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Alikuwa wa tatu darasani. Sasa anajifunza upya kuandika jina lake.

Siku ya tano nilikwenda wodini na machungwa. Nilitaka kuomba msamaha, nilikuwa nimepanga maneno. Mwalimu alinizuia kabla sijaanza. Aliniuliza jambo moja tu, na aliniuliza bila hasira, ndiyo maana bado nalisikia: "Wangapi wengine umewaambia hivyo?"

Nilihesabu palepale. Nilikuwa nimeuza mashine kumi na moja, na mbali na yake, nyumba tatu kati ya hizo zilikuwa na mgonjwa wa kifua. Nilitoka wodini nikaanza kuzizungukia kwa miguu. Wa kwanza, bwana mmoja wa Temeke, alinicheka, akadhani ninataka kumnyang'anya mashine niiuze tena. Mama mmoja wa Ilala hakunifungulia. Nilimweleza kupitia dirishani, sijui kama alisikia. Nyumba ya tatu mzee alinikaribisha, akasema mkewe hakuwahi kuacha dawa hata siku moja, maana yeye hakuamini nilichosema tangu mwanzo. Nilimshukuru. Nilitamani kumbusu mkono.

Ndipo nikaikumbuka karatasi yangu. Nilikwenda ofisini, nikaweka tai mezani, nikamwomba Bwana Elisha anirudishie ile orodha ya watu wa kwetu. Alikuwa anakula ndizi. Alifuta vidole taratibu, akasema karatasi ikishaandikwa ni mali ya ofisi, na tena haiko Dar, iko kwa Fadhili, ambaye amepelekwa bara, Dodoma, Manyoni mpaka Singida. Kwenu kuna upepo na vumbi la kutosha, akasema, na mashine hii haijafika. Nikamwambia yaliyompata Tumaini. Akasema ameyasikia na amesikitika. Kisha, nikiwa nimeshafika mlangoni, akaniuliza kwa sauti yake ileile ya upole, "Mama yako bado anakaa peke yake Mtinko?"

Nikageuka kumtazama. Akasema anauliza tu.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Nilitaka kuwaandikia siku ileile, na hili ndilo kosa langu ambalo sina pa kulifichia. Niliona aibu. Kukuandikia kungekuwa kukueleza kiwanda, tai, karatasi, Tumaini, vyote. Nilijidanganya kwamba bara ni kubwa, Fadhili ataishia Dodoma. Nikaanza kibarua cha kupakua saruji bandarini, nikawa nachoka, nikawa nalala. Halafu barua yako ikaja.

Kwa hiyo akirudi, nakueleza atakavyofanya. Atakuwa na adabu nyingi. Atakusalimu kama ndugu, atamletea Rehema pipi, ataomba maji ya kunywa ili akae. Ataniita rafiki yake, na kusema kweli tulikuwa marafiki, Fadhili si mtu mbaya kuliko nilivyokuwa mimi. Atakitandika tena kile kitambaa. Usiketi kukitazama. Ukikitazama utaingiwa na hofu hata kama umeshaisoma barua hii, maana mimi mwenyewe ninayejua siri yake kiliniogopesha mwanzoni. Ukimwuliza kama Rehema atapona, atakujibu haraka.

Fanyeni hivi badala yake. Ni maneno ya yule daktari, niliyaandika nyuma ya bahasha. Sakafu idekiwe kwa dekio bichi kila siku, isifagiliwe kwa ufagio mkavu Rehema akiwa ndani. Godoro na blanketi vianikwe juani kila wiki na kukung'utwa mbali na mlango. Kuku wasilale chumbani kwake. Jiko la mkaa liwe nje, asikae kwenye moshi. Manukato, ubani na dawa za mbu za kuchoma, viondolewe. Madirisha yafunguliwe asubuhi kabla upepo haujapanda. Na kichupa chake kisikosekane, hata kama itabidi auzwe mbuzi. Hayo yote ni pungufu ya bei ya mpira mmoja wa ile mashine. Shemeji akisema ninamwonea wivu mwanawe kupata kitu kizuri, mwambie aje Dar, nitampeleka Kigogo, akamwone Tumaini akiandika jina lake.

Nisalimie mama mzazi, umwambie habari ya kiwanda kwa maneno yako, wewe unajua namna ya kumwambia. Mjomba Hassani, yule fundi baiskeli, mwambie namkumbuka. Mama mdogo Salma na wanawe wote, na jirani yako bibi muuza mlenda aliyemlea Rehema ulipokuwa umelazwa, wape salamu zangu. Rehema umshike kichwa kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako mwenye kuona aibu,
Hamisi

Dada, nimeifungua tena bahasha. Nimekuja stendi kumpa Mzee Saidi barua, anaondoka alfajiri. Nikamweleza kidogo, nikamtaja huyo kijana na maboksi yake. Mzee Saidi akaniuliza kama ana tai ya bluu na upara mdogo. Ndiye Fadhili. Amesema Jumatano, siku aliyopokea barua yako na kuondoka Singida, alimwona stendi anapakiza boksi moja kwenye lori. Alimwuliza dereva wa lori kama wana safari ndefu, akajibiwa wanakwenda Mtinko, kwa mama mkwe. Dereva alikuwa shemeji Jumanne.

Wewe hukuandika hivyo, kwa hiyo najua hukuambiwa. Mtinko kwa mama hakuna umeme, mashine haiwezi kuwaka pale hata dakika moja. Hawakwenda kuionyesha, wamewafuata ng'ombe.

Usimgombeze shemeji. Ameogopeshwa kama nilivyowaogopesha wenzake, na anampenda mtoto. Lakini ukishaisoma hii usimsubiri arudi, panda gari la kwanza uende kwa mama, na Rehema uwe naye. Kama ng'ombe bado wapo, simama mlangoni pa zizi mpaka nifike. Kama wameshauzwa, basi wameuzwa, mimi nitajibu mbele ya mama. Ila dawa ya Rehema isikatwe hata siku moja, aseme nani, aape nani.

Mzee Saidi hana nafasi ndani ya basi kesho. Amesema nitasafiri nimesimama mpaka watu washuke Dodoma, nimekubali. Lakini sitaki barua hii ikae mfukoni mwangu mimi, nisije nikaona aibu tena njiani na kuificha. Anaichukua yeye, kwa kuwa stendi ya Singida anashuka kabla ya abiria, na amesema atakuja nayo mbio mpaka mlangoni kwako.

Hamisi